Mabomba Mawili Chini ya Njia ya Voi



Atokaye Mombasa kwenda Voi hupita Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru na Mackinnon Road, kisha kilima cha Maungu, na mwisho huuona mlima wa Sagalla umeusimamia mji. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 150. Aghalabu macho ya msafiri hutazama yaliyo juu ya ardhi: msururu wa malori, reli ya zamani, reli mpya iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na tembo waliojipaka udongo mwekundu wa Tsavo. Yaliyo chini ya ardhi hayana mtazamaji. Nayo ndiyo tuliyokusudia kuyaandika wiki hii, kwa sababu yanahusu kila birika na kila sufuria katika nyumba zetu.

Katika njia hiyo mmelazwa mabomba mawili makubwa yanayobeba shehena kwa kupishana. La kwanza lashuka kutoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, likileta maji hadi Mombasa. Lilijengwa katika miaka ya 1950, urefu wake wapata kilomita 220, na hadi leo ni miongoni mwa nguzo za maji ya mji wetu, pamoja na Baricho na Marere. La pili lapanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi likibeba petroli, dizeli na mafuta ya ndege. Bomba la mafuta la mwanzo lilianza kazi mwaka 1978; miaka kama arubaini baadaye likajengwa jipya lililo pana zaidi kuchukua nafasi yake. Vituo vya kuyasukuma mafuta hayo vimepangwa njiani, kikiwemo cha Maungu, cha Manyani na cha Mtito Andei. Kwa hivyo Taita Taveta yatunywesha sisi watu wa pwani, nasi twaipitishia mafuta ya bandari yetu. Huo ni ujirani, na ujirani katika dini yetu una haki zake.

Nchi hii haikuanza leo kuwafunza watu thamani ya maji. Kabla ya reli, misafara iliyotoka pwani kwenda Taita, Taveta na Kilimanjaro iliiogopa nyika ya Taru kuliko milima iliyokuwa mbele yake. Hapakuwa na mto wala kisima cha kutegemewa. Palikuwa na mashimo ya mwambani yaliyojaa mvua ikinyesha, na kukauka mvua ikikatika. Aliyetangulia kuchota alikuwa ameushika mkononi uhai wa aliyekuja nyuma. Akiyachafua, mwenziwe alikufa kwa kiu huku ameinamia maji. Tulipita Taru ndani ya basi lenye kipoza hewa, kila abiria na chupa yake ya maji, na fikra hiyo haikututoka.

Voi ni mji wa njia panda. Reli ya kwenda Taveta ilianza kujengwa hapa mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo yangali mjini. Leo barabara ya Mwatate, Bura na Taveta yaendelea hadi Tanzania, na malori ya Nairobi hupumzika hapa. Mji wa namna hii huishi kwa gereji, vituo vya petroli, wauza rangi, mafundi wa kuchomelea vyuma na wauza vipuri. Hizo ni riziki za halali, na watu wake ni wachapakazi. Lakini kila kazi katika hizo ina kimiminika chake kikali, na kila kimiminika huja katika mtungi wa plastiki au pipa.

Jambo la pili la Voi ni kwamba maji ya mfereji huja kwa zamu. Mtaa mmoja hupata leo, mwingine kesho kutwa. Kwa sababu hiyo nyumba haikosi mitungi: ya lita ishirini, ya lita kumi, ya njano, ya buluu, myeupe, imepangwa ukutani kama wanafunzi wa madrasa. Mfereji ukikauka, mikokoteni hupita ikiuza. Mtungi, basi, ni mali ya mwanamke wa Voi kama vile sufuria na jiko, na mtungi wa mitumba husakwa sokoni kama nguo.

Tulikuwa tumealikwa kutoa darsa ya kina mama baada ya swala ya Alasiri, na mada ilikuwa tahara. Tulieleza aina za maji, tukaeleza namna najisi inavyoondolewa, na tulipofungua maswali akasimama mama mmoja wa mtaa wa Birikani.

“Sheikh,” akasema, “nina mtungi niliununua sokoni kwa bei nafuu. Mwanzo ulikuwa na thina ya kuchanganyia rangi. Nimeuosha kwa sabuni, nikausugua kwa mchanga, nikauanika juani siku tatu. Maji yake ni meupe kabisa. Lakini mtoto wangu mdogo asema yananuka gereji, na mimi pua yangu haisikii kitu. Je, yafaa kutilia udhu?”

Tukamuuliza, “Mama, na kunywa je? Mwayanywa?”

“Twayanywa, Sheikh. Huo ndio mtungi wa maji ya kunywa, maana una kifuniko kizuri. Mingine yote imepoteza vifuniko.”

Wanawake wawili watatu waliokuwa nyuma walitazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba na wake ulikuwa hivyo hivyo. Tukaona kuwa swali la udhu limefungua mlango wa swali kubwa zaidi, na kwamba darsa yetu, kama ingeishia kwenye tahara, ingewaacha watoto wale na kikombe kilekile mdomoni.

Tuanze na upande wa fiqhi. Katika vitabu tulivyosoma madrasa, maji hupimwa kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Maji yaliyofikia kulateni, ambayo kwa makadirio ni kama lita mia mbili, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka moja katika sifa hizo ibadilike. Haya ni elimu sahihi na twashikamana nayo. Lakini tuangalie hukumu hiyo yazungumzia nini. Yazungumzia najisi. Thina, petroli na dawa za kuondolea grisi hatuziogopi kwa sababu ya najisi. Twaziogopa kwa kuwa ni sumu. Na wanazuoni wetu wa zamani walikwisha kutenganisha mambo haya mawili. Walisema kiko kitu kilicho tohara, mtu akikigusa hana haja ya kuosha mkono, na bado ni haramu kukila au kukinywa kwa sababu kinadhuru. Mmea wenye sumu ni mfano wake. Tohara ni hukumu moja, na usalama wa mwili ni hukumu nyingine. Mtu aweza kuwa na maji asiyoyatilia shaka kwenye udhu wake, na yakawa haramu kwenye tumbo la mwanawe.

Upande wa pili ni wa wataalamu wa afya na kemia. Thina, petroli, gundi za viatu na dawa nyingi za kusafishia mashine zina jamaa moja ya vitu viitwavyo viyeyushi, kwa sababu huyeyusha mafuta na rangi. Miongoni mwao ni benzeni, tolueni na zaileni. Tolueni na zaileni huvuruga ubongo na mishipa ya fahamu: kichwa huuma, kizunguzungu hushika. Benzeni ni mbaya zaidi. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu, huuharibu uboho wa mifupa, ambamo damu hutengenezwa, nayo yajulikana kusababisha saratani ya damu. Mtoto mchanga hunywa maji mengi kuliko sisi tukilinganisha na uzito wake, na mjamzito amebeba mwili mwingine ndani ya mwili wake. Hao wana haki ya tahadhari kubwa zaidi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo kwamba benzeni katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Tuliichukua kalamu tukapiga hesabu mbele ya kina mama. Gramu moja, ambayo ni kama robo ya kijiko cha chai, yatosha kuyafikisha lita 100,000 kwenye mpaka huo. Hiyo ni mitungi 5,000 ya lita ishirini. Kisha shirika hilohilo laeleza kwamba pua ya mwanadamu huanza kuisikia benzeni ndani ya maji inapofika miligramu 10 kwa lita. Maana yake ni kwamba harufu ya benzeni huja wakati maji yamekwisha kuuvuka mpaka wa usalama mara 1,000. Petroli yenyewe hunuka mapema zaidi kwa sababu ya vitu vingine vilivyochanganyika humo, na kwa hivyo ukiisikia harufu yake usingoje ushahidi wa pili. Lakini kutosikia harufu si ushahidi wa salama. Isitoshe, pua iliyozoea harufu huacha kuisikia. Mama yule alikuwa ameuosha mtungi ule siku tatu, pua yake imechoka. Mtoto alikuja na pua mpya, naye ndiye aliyetoa ushahidi wa kweli.

Na kwa nini sabuni haikufaa? Kwa sababu plastiki huzinywa kemikali hizi kama mkeka unavyonywa mafuta ya taa. Sabuni na mchanga husafisha uso wa plastiki, na kilichozama ndani hakifikiwi. Ukitia maji, plastiki huanza kukirudisha taratibu, siku baada ya siku. Kadhalika bomba la plastiki lililozikwa katika ardhi iliyolowa petroli huweza kupitisha kemikali hizo hadi ndani, ijapokuwa bomba lenyewe ni zima na halina tundu.

Mama mmoja akauliza, “Na tukiyachemsha, Sheikh?” Swali zuri, maana kuchemsha ndiyo dawa tuliyolelewa nayo. Moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na twahimiza usiachwe. Lakini kiyeyushi si kidudu cha kufa. Benzeni huchemka kwenye nyuzijoto 80, kabla ya maji, hupanda na mvuke, na katika jiko dogo lisilo na dirisha mvuke huo huvutwa na mpishi na mtoto aliye mgongoni kwake. Dawa ya klorini haiiondoi. Chujio la udongo haliizuii. Liko chujio la kaboni maalumu linalonasa kemikali hizi, lakini lazima libadilishwe kwa wakati wake, na makaa ya jikoni hayashiki nafasi yake.

Kesho yake tuliendelea na safari kuelekea Manyani na Mtito Andei. Tulitaka kufika mahali ambapo jambo hili halikuwa la mtungi mmoja, bali la mto mzima. Kati ya Mtito Andei na Kibwezi, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Taita Taveta katika kaunti ya Makueni, kuna mto wa msimu uitwao Thange. Ukiupita kiangazi waona mchanga mtupu. Lakini mchanga huo ndio tangi la wenyeji: huchimba shimo, maji hujikusanya, wakachota ya kunywa, ya mifugo na ya kumwagilia mboga.

Mnamo Mei 2015 wenyeji wa Thange waliona mafuta yakijitokeza mtoni na visimani. Bomba la zamani la mafuta, lile la mwaka 1978, lilikuwa limevuja. Watu wakaambiwa wasiyatumie maji ya mto na visima vyao, na maji yakawa ya kuletewa kwa malori. Mashamba yaliyokuwa yakitegemea unyevu wa mto yaliharibika. Udongo ulichimbwa ukaondolewa ili kusafishwa, na kesi ikapelekwa mahakamani. Mwaka 2025, miaka kumi baada ya tukio, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliiamuru kampuni ya Kenya Pipeline iwalipe wenyeji fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 3. Miaka kumi: mtoto aliyekuwa akinyonya siku ile sasa yuko karibu kumaliza shule ya msingi. Na asidhani mtu kwamba bomba jipya ni hirizi. Mwishoni mwa Machi 2019 bomba jipya nalo lilivuja huko Kiboko, katika kaunti hiyohiyo.

Huenda msomaji wa Kisauni au Malindi akasema, Thange ni mbali, na Wakamba wana serikali yao. Tumfuatishe mto. Thange humwaga katika mto Athi. Athi huingia Tsavo, hukutana na mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha huitwa Sabaki ukikaribia bahari kaskazini ya Malindi. Pembeni mwa Sabaki ndipo vilipo visima vya Baricho, ambavyo hunywesha Malindi, Kilifi na sehemu kubwa ya Mombasa. Masafa ni marefu, na jua na hewa huyapunguza mafuta njiani. Hatuandiki haya kumtia mtu hofu ya kikombe kilicho mbele yake. Twaandika ili ijulikane kuwa mto ni mmoja. Aliye Thange ni kama yule aliyetangulia kwenye shimo la Taru, na sisi ndio tuliokuja nyuma.

Wala msiba huu si wa nchi maskini peke yake. Marekani, katika jimbo la North Carolina, iko kambi ya wanajeshi wa majini iitwayo Camp Lejeune. Tangu mwaka 1953 hadi 1987 familia za kambi hiyo zilikunywa na kuogea maji yaliyoingiwa na viyeyushi vya kuondolea grisi na vya dobi, pamoja na benzeni ya matangi ya mafuta yaliyovuja. Wake za askari walipika kwa maji hayo, wakawachanganyia watoto maziwa kwa maji hayo. Serikali yao ilipitisha sheria ya kuwafungulia mlango wa kudai fidia mwaka 2022. Ikiwa nchi yenye maabara nyingi ilichukua muda huo, sisi hatuna haki ya kungoja maradhi yatuambie.

Kutoka Mtito Andei tuliingia Tsavo Magharibi hadi Mzima. Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kupaona. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, huzama katika majivu na mawe ya volkano yaliyojaa vitundu, husafiri chini ya ardhi kilomita nyingi, kisha hutoka hapa maangavu kiasi cha kuwaona samaki na miguu ya viboko vikitembea chini. Kila siku hutoka zaidi ya lita milioni 200, na Mombasa huchukua fungu tu. Tulikaa kivulini tukisoma nyiradi za asubuhi. Mawe yale yenye vitundu ndiyo yanayosafirisha maji, na mawe yale yale, yakimwagiwa mafuta, yatayasafirisha pia bila ya kuuliza ni nini. Neema hii haina mlinzi zaidi ya wanadamu wanaoishi juu yake.

Wenyeji wa Taita Taveta wana manung'uniko ya miaka mingi kwamba maji ya Mzima huwapita kwenda pwani na mifereji yao ikabaki mikavu. Sisi tunaoyanywa maji hayo tuna wajibu wa kuwasikiliza. Mama wa Birikani asingetafuta mtungi wa thina kama mfereji wake ungetoa maji kila siku. Uhaba ndio uliomtia mkononi sumu ile.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtungi au pipa lililobeba thina, petroli, dizeli, mafuta ya taa, dawa ya shamba au kemikali yoyote lisitiwe maji ya kunywa, ya kupikia wala ya kumwogeshea mtoto, hata likioshwa mara mia. Litobolewe, ili lisimfikie mwingine. Muuza mitungi anayejua ilibeba nini na akanyamaza ameuza kwa ghushi, na Mtume wetu (s.a.w.) alimkana mwenye kuwaghushi watu. Mitungi ya njano iliyobeba mafuta ya kupikia ndiyo inayofaa.

Pili, kabla ya kununua maji kwenye lori au mkokoteni, ulizeni chombo kilibeba nini jana. Si utovu wa adabu kuuliza. Tatu, msichimbe kisima karibu na gereji, kituo cha petroli au mahali pa kumwagia oili chafu, na msipitishe bomba la plastiki katika udongo unaonuka mafuta. Nne, oili chafu na mabaki ya thina yasimwagwe chini wala mtaroni. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kujisaidia kwenye njia za maji, penye vivuli na katika njia za watu, na uchafu wa mwanadamu huoza ukaisha, lakini hivi vya gereji hukaa ardhini miaka.

Tano, kukiwa na shaka ya kweli, maji yapimwe. Ila jueni kwamba kipimo cha kawaida hutafuta vijidudu na chumvi, hakitafuti viyeyushi. Lazima muombe kwa kutaja: twataka kupimiwa petroli na viyeyushi. Maji ya kupimwa hutiwa katika chupa ya kioo, hujazwa mpaka ukingoni pasibaki hewa, hufungwa barabara, huwekwa penye baridi na kupelekwa haraka. Vinginevyo kemikali huruka na majibu yakaja salama kwa uongo. Pelekeni habari kwa kampuni ya maji, kwa afisa wa afya wa eneo na kwa NEMA, kwa maandishi, na mbaki na nakala. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 70 chamruhusu mtu kwenda mahakamani kuyatetea mazingira hata kama yeye mwenyewe hajadhurika bado.

Na mwenye maji yaliyothibiti kuwa na sumu, naye hana mengine, asiyalazimishe mwili wake kwa udhu. Sheria yetu imemfungulia tayamamu yule ambaye maji yatamdhuru. Amuulize mwanachuoni na tabibu aliye karibu naye.

Tulirudi kupitia Voi, na kina mama wa darsa walikuwa wamekwisha kutangulia kwa vitendo. Walikubaliana katika chama chao kukagua mitungi ya nyumba kwa nyumba, kwa upole, bila ya kumwaibisha yeyote. Mitungi minne ilitolewa siku ya kwanza ikatobolewa uani kwa msumari wa moto. Msikiti ukaahidi kwamba mitungi ya mafuta ya kupikia inayobaki baada ya futari za Ramadhani haitauzwa tena kwa muuza vyuma, bali itaoshwa na kupewa nyumba zisizo na uwezo. Mama wa Birikani alikuwa amepata wa njano. Kifuniko chake hakikubana vizuri, akakivika kipande cha kanga safi.

Twaomba misikiti ya Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu iige jambo hili, maana halihitaji mfadhili. Kumpa mtu maji ni katika sadaka zilizo bora, na kumpa chombo kisichomdhuru ni sehemu ya sadaka hiyo. Maji yakimwagika hayazoleki, na yakitiwa sumu ni vigumu kuliko hapo.

Ewe Mola, tuhifadhie chemchemi za Mzima na mito yetu, wanusuru jirani zetu wa Taita Taveta na Thange, na yajaalie maji ya watoto wetu yawe baraka katika miili yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.